Neutroni ya Tatu

Baba,

Jana tumekusomea khitma ya arobaini. Wanafunzi wako wa zamani walijaa hadi barabarani, wakasema Chang'ombe nzima haijapata mwalimu wa fizikia kama wewe. Mie nikaitikia amina. Mdomo tu.

Leo mama kanituma nipange kabati lako. Nimekuta daftari lako la maandalio, la mwaka ule nilipokuwa kidato cha tano, darasani kwako.

Unakumbuka? Uliniita ubaoni nikokotoe nishati inayotoka kiini cha urani kikipasuka. Nilijumlisha tungamo la urani na la neutroni inayokigonga, nikatoa la bariamu, la kriptoni na la neutroni tatu zinazoruka nje. Tungamo lililopotea lilikuwa 0.186. Nikazidisha kwa 931.5, nikapata MeV 173. Nikaipigia mistari miwili kwa furaha.

Wewe, kwenye daftari lako, ulikuwa umeandika neutroni mbili.

"Hiyo ya tatu umeitoa wapi? Jikoni kwa mama yako?"

Darasa likaangua kicheko. Nikasema, "Mwalimu, zikiwa mbili namba hazilingani, upande huu ni 236 na ule..."

"Kaa chini. Wewe ni wa kuolewa tu."

Nyumbani ukawasimulia wageni, mie nimesimama hapo na sinia la chai. Mkacheka upya. Wiki iliyofuata nikahamia mchepuo wa sanaa, nawe hukuuliza kwa nini. Sasa nauza vitenge Mwananyamala.

Kwenye daftari, ile mbili umeikata kwa kalamu nyekundu. Pembeni umeandika: "Ni tatu. Binti yuko sahihi." Tarehe ni ya siku ileile.

Siku ileile, Baba! Jioni yake nilikumiminia maji ya kunawa, ukanawa, ukala. Miaka kumi na minne umekaa nalo. Hata wodini, nilipokuwa nakugeuza ubavu, pumzi ya kunigombeza kwamba shuka limejikunja ulikuwa nayo. Ya neno hili moja hukuwa nayo.

Mama sijamwonyesha. Anakulilia bado, mwache alie.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa fizikia, mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima na watoto wawili. Si kwa ajili yako.

Kwaheri, Baba. Dua nitakuombea kila Ijumaa, hiyo ni haki yako na nakuahidi. Msamaha nitakuletea mwenyewe kaburini, siku nitakayokuwa nao. Leo sina.

Binti yako