Kwa Nini Kaka Yako Hakutaka Gari Jingine

Nyumba ya nyuma ya duka la saa,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi, zikukute mzima wewe, shemeji na watoto. Vipi ule mgongo? Ulisema daktari kakupa mazoezi ya kulala chali na kunyanyua miguu. Unayafanya, au unawasimulia watu tu kwamba umepewa? Nakujua wewe. Na huyo mdogo, meno ya mbele yameota? Kwenye picha ya mwezi uliopita alikuwa anacheka pengo tupu, nikacheka naye peke yangu jikoni.

Sisi huku hatujambo. Kaka yako hajambo, na safari hii nikisema hajambo nina maana yake, utaona huko mbele. Mimi bado naoka mikate yangu kila alfajiri. Vidole vinauma kwenye vifundo, lakini wateja hawanunui vifundo, wananunua mkate.

Umeniuliza mara tatu kama gari tumebadilisha au bado. Mara ya tatu ukaongeza kwamba kaka yako ni bahili tangu utotoni, alikuwa anaficha penseli zake ndani ya soksi. Hilo la soksi sikulijua, asante sana, nitalitumia. Lakini la ubahili nakuomba tulifute, mimi na wewe wote. Kaa kitako nikueleze.

Lile gari la bluu unalikumbuka. Siku hizi tunaliita Kikohozi. Mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu, kwa hiyo kaka yako akitaka kushuka anateremsha kioo, anatoa mkono, anajifungulia mwenyewe. Kioo cha nyuma kimeshikiliwa na kipande cha boksi. Na kuliwasha ni elimu: ufunguo nusu, subiri kidogo, kanyaga klachi mara mbili, piga kofi juu ya dashibodi, ndipo umalizie ufunguo. Ukikosea mpangilio linanuna mpaka mchana. Fundi wa gereji aliingia chini yake, akakaa huko hadi nikadhani kalala, akatoka anajifuta mikono. "Mama, la kuvunda halina ubani. Tafuteni jingine."

Nikatafuta. Kuna muuguzi wa zahanati, mteja wangu wa mikate, alikuwa anahama na anauza gari lake dogo jeupe, safi, viti havijachanika hata kimoja. Nikasema hili ni letu. Kaka yako akasema Kikohozi bado kina nguvu. Nikamleta fundi amweleze, akasema mafundi wa siku hizi hawana subira. Nikamwita muuguzi na gari lake mpaka mlangoni. Kaka yako akalizunguka, akaligongagonga ubavuni kama anachagua tikiti maji, akasema rangi nyeupe inachafuka.

Wifi, maji yalinifika shingoni. Nilimpa maneno siku hiyo, mengine siwezi kuyaandika. Nilimwita bahili, nikamwita king'ang'anizi, nikamwambia siku tutakapozimikiwa katikati ya barabara na kreti za mikate asinitazame usoni. Alichukua kitambaa chake akaenda dukani kufuta vioo vya saa.

Sasa kabla sijaendelea, lazima nikiri jambo la aibu kidogo. Kwa miaka miwili hii, tulipokuwa tukitoka alfajiri kusambaza mikate, kaka yako alianza kunipenda upya. Ndivyo nilivyodhani. Unajua mwenyewe nilivyo na mdomo. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema siku nikinyamaza aitwe daktari. Na kaka yako miaka thelathini alikuwa akiniambia, "Hebu pumzisha taya." Basi ghafla, ndani ya gari, akawa ananiomba nizungumze. "Nisimulie, nani yuko pale mbele?" "Taa inasemaje leo?" "Yule anavuka au anasubiri?"

Nami nikasimulia! Kila baiskeli, kila mbuzi, kila mama mwenye ndoo nilimtajia. Nikirudi nyumbani najitazama kwenye kioo, najiambia, mwanamke, bado umo. Niliwahi hata kumtania jirani yangu kwamba mumewe yeye ndani ya gari hasemi neno.

Ili ninyamaze, kaka yako mwisho alikubali kulijaribu gari la muuguzi. Muuguzi akakaa mbele pembeni yake, mimi nyuma. Na kwa kuwa bado nilikuwa nimenuna, sikufungua mdomo. Hatukufika mbali. Mbele yetu kulikuwa na mzee anavusha mkokoteni wa vitunguu, mchana kweupe, mkokoteni mkubwa namna hii, na kaka yako anakwenda tu. Nilidhani atapunguza. Hakupunguza. Muuguzi akapiga kelele, "Breki!" Tulisimama na mkokoteni mtu angeweza kuugusa kwa mkono kutoka dirishani. Vitunguu viwili vikadondoka. Yule mzee akatutukana, na haki yake.

Muuguzi hakugomba. Alimuuliza taratibu, "Mzee, hebu niambie, hapo mafuta yamebaki kiasi gani?" Kaka yako akainamia dashibodi, akakaa, akasema, "Yanatosha." Mimi nikachungulia kutoka nyuma. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

Basi muuguzi akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama jicho moja, akatazama la pili. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, na amekomaa. Wifi, miaka yote hiyo nimelala naye mto mmoja, sikuona! Hata alipoacha kupokea saa za kike dukani, akisema wanawake wanapatana bei sana, nilimwamini. Kumbe zile saa ndogo alikuwa hazioni. Na kule barabarani macho nilikuwa mimi, na mdomo wangu.

Muuguzi aliturudisha nyumbani. Tulipobaki wawili nilimgeukia, si kwa huruma, kwa hasira. Nikamwambia ungetuua, na mbaya zaidi ungemuua mtu wa watu, mwenye vitunguu vyake. Akasema, "Najua." Akautoa ufunguo wa Kikohozi mfukoni, akauweka mezani, akausogeza upande wangu. "Hili nalijua kwa mikono. Jingine ningelazimika kulitazama." Kisha akaniambia aliogopa, maana fundi saa asiyeona atajiita nani? Akalia. Sijawahi kumwona kaka yako akilia, hata kwenye msiba wa mama alijikaza.

Nami nikalia, nusu kwa ajili yake, nusu kwa aibu ya kujidai napendwa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nilidhani ulikuwa unayataka mazungumzo yangu. Akasema, "Kukupenda nakupenda. Na kuona nilikuwa sioni. Yote mawili kweli." Basi, nifanyeje na mtu kama huyo?

Kwa hiyo jibu lako ni hili: gari la muuguzi tumelichukua, na dereva ni mimi. Cheka ukimaliza tuendelee. Nilijiandikisha kwenye shule ya udereva na miaka yangu hamsini na minane. Mwalimu wangu ni mdogo kuliko binti yetu, na wiki nzima ya kwanza alikuwa akiniambia, "Mama, barabara itazame tu, usiisimulie." Mtihani wa kwanza nilianguka. Wa pili nikapita, nikapiga kigelegele palepale kituoni. Kaka yako aliona sifikii vizuri usukani, akanishonea mto wa kukalia kwa mkono wake. Mishono imekwenda upogo, lakini mto ni mzuri na siuazimi kwa mtu. Mikate inafika madukani mapema kuliko zamani, kwa sababu siku hizi hakuna anayepigwa kofi ndipo safari ianze.

Kikohozi fundi kakichukua, atatoa vyuma vinavyofaa. Siku kilipovutwa, kaka yako alijifanya ana kazi nyingi dukani. Nilimwacha.

Binti yetu anakusalimu, anasema ile sweta ilimtosha. Jirani anakusalimu, na nimeshamwomba radhi, ingawa sikumwambia kwa nini. Msalimie shemeji, umwambie mikate yangu bado ipo, aje aile ikiwa moto. Watoto wabusu wote, uwaambie mkazamjomba wao sasa ni dereva, wakija huku nitawapokea mwenyewe.

Hili la mwisho nimelibakiza makusudi. Jicho la kwanza wameshamfanyia, na Alhamisi wametoa bandeji. Nilivaa gauni langu jipya, nikakaa mbele yake. Alipepesa, akatokwa machozi kidogo, akatazama ukutani, akamwambia daktari saa yao iko nyuma dakika nne. Watu wakacheka. Kisha akageuka kwangu, akanitazama, akanitazama, mpaka nikaona haya mbele ya wauguzi. Akanyoosha mkono akanishika nywele hapa pembeni, akasema, "Umezeeka peke yako, mke wangu, na mimi nilikuwa hapahapa."

Nikamwambia, si kitu, kazi yenyewe haijaisha, iliyobaki tutazeeka pamoja.

Mungu akulinde na akutunzie hao wenye mapengo, na mgongo wako ausimamishe.

Ndimi wifi yako, nikupendaye hata usipojibu barua.