Bega la Kaingu

Jumapili, 3 Agosti 2025
Nimerudi kutoka mieleka ya Shella. Sikwenda kwa kupenda. Mjukuu wangu Hope alinivuta. Vijana wanaopigana wamekwisha kukubaliana nani aanguke, na mamia ya watu wanashangilia kana kwamba hawajui! Kisha mwandalizi, Jimmy, akampandisha ulingoni, eti, bingwa wa mieleka ya Adu wa mwaka 1979. Nikainuka kitini — alikuwa Kaingu!

Kaingu! Mimi ndiye niliyemwangusha mwaka huo. Mara mbili. Bega lake la kushoto liliteguka, wala halikurudi sawasawa tena.

Leo alivua shati, akaonyesha bega hilo lililolala. Kisha makofi. Makofi yangu!

Jumatatu, 4 Agosti
Nilimweleza Adhiambo, muuza samaki, ambaye hakosi pambano hata moja. Nilimweleza kwa utaratibu: mwaka, mahali, mwamuzi (sasa marehemu). Alicheka hadi akaweka kisu chini. Eti mimi sina hata mkwaruzo, niko kama sahani ya wageni. Bingwa, anasema, ni mtu aliyeumia mbele ya watu, akainuka. Asiyeumia ataaminiwaje?

Na aliyemwumiza, je? Akaniuliza kama nataka samaki au sitaki.

Nimejitazama kiooni. Mabega yote mawili yako sawa kabisa. Aibu gani hii, kulionea wivu bega bovu!

Jumatano, 6 Agosti
Jimmy amekuja. Shikamoo ya adabu kabisa. Anataka pambano la 1979 lirudiwe Jumapili hii, kabla ya vijana — dakika moja tu, juu ya magodoro. Na Mwalimu (yaani mimi), anasema, ndiye atakayeanguka. Kila mtu anajua kwamba Mwalimu hasemi uongo. Akianguka yeye, Kaingu ataaminika hadi Mariakani.

Nilimfukuza.

Ijumaa, 8 Agosti
Kaingu mwenyewe! Alikaa barazani bila kukaribishwa, akamwomba Hope chai. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakunipa nafasi.

"Uliniangusha, Mwalimu. Mara mbili. Nimekataa lini?"

Nikamwuliza kwa nini basi anawadanganya watu. Akasema yeye aliwaambia tu kwamba aliumia Adu, wao wakamalizia wenyewe. Sasa wanamwita Bingwa. Kwa miaka arobaini na sita alikuwa Kaingu Bega.

"Hata mke wangu, Mwalimu! Hata mke wangu!"

Nilicheka. Nikajichukia kwa kucheka.

Alipokuwa akiondoka, aligeuka. Hofu yake ni moja: kwamba mimi sijui kuanguka, kwa sababu sijawahi. Kidevu kifuani, akasema, na mkono utangulie. La sivyo watu watacheka.

Sijui kuanguka! Mimi!

Jumamosi, 9 Agosti
Sijamkubalia Jimmy, wala sitamkubalia. Nilishinda mwaka 1979, na ukweli huo hauhitaji makofi. Lakini yeye anayapata! Kesho atayapata tena, niwepo nisiwepo.

Saa nane mchana. Nimefunga mlango wa chumba. Nimelishusha godoro sakafuni, kwa kuwa linafaa kuanikwa.

Kidevu kifuani. Mkono utangulie.

Mara ya kwanza ilikuwa mbaya sana. Ya pili, afadhali. Naandika nikiwa nimelikalia godoro. Bega la kushoto linauma kidogo — nimelitazama tena kiooni.

Hope anabisha. Anauliza, "Babu, ni nini hicho kinachoangukaanguka?"