Reli ya Chumba cha Wanja

Jumatatu, 3 Machi

Mataruma mengine yamekauka. Nimeyapanga tangu chai ya saa nne mpaka mgongo ukakataa. Ni vijiti vya mti wa mukima, masazo ya seremala wa hapa chini. Nakata kwa wembe, napaka rangi ya viatu ili vionekane vya zamani. Kisha reli juu yake, huku na huku, na kipimo changu cha bati katikati ili upana usibadilike. Nashikilia kwa misumari ya fundi viatu. Ukikosea upana hata kwa unywele, injini yangu ndogo inaanguka.

Kona ya dirishani imekwisha. Imebaki kitanzi.

Nimekula githeri ya jana. Sikuipasha.

Jumatano, 5 Machi

Shoti. Nimewasha transfoma, taa yake ikazimika papo hapo. Nimelala chali chini ya meza kama fundi wa magari, mita ya stima kifuani, nikafuata waya mmoja mmoja. Waya zote sawa. Bado shoti.

Sababu nimeijua nikiosha vyombo. Ni kitanzi chenyewe. Treni ikiingia humo inazunguka na kurudi ilikotoka, kwa hivyo reli ya kushoto nayo inazunguka na kukutana na ya kulia. Chanya inagusa hasi. Miaka yote ile katika maabara ya shule nikiwaonyesha wanafunzi saketi, halafu nimejijengea shoti kwa mikono yangu mwenyewe. Nimecheka. Peke yangu, jikoni.

Itabidi nikate reli zote mbili pale kitanzi kinapoanza na kinapoisha, niweke viungo vya plastiki, kitanzi kipate stima yake.

Wawira, mke wangu, angeniuliza kama sina kazi. Miaka mitatu sasa tangu tumzike. Reli niliianza baada ya wageni wa matanga kuondoka. Mikono ilikataa kukaa bure. Watu huuliza mbona treni, na Embu hii hakuna reli. Sina jibu. Nilikuta injini ya kijani na mabehewa kwenye mitumba ya vitu vya watoto sokoni, na kipande cha reli kisichofika popote. Nikataka kifike.

Ijumaa, 7 Machi

Wanja amekuja. Sikumtarajia.

Binti yangu wa pekee. Ameolewa Laare. Mumewe, Mutwiri, hununua miraa kwa wakulima na kuisafirisha. Wanja ana mimba ya miezi saba. Amekuja na begi moja, miguu imevimba hadi viatu havifungi.

Nimeuliza kuna nini. "Nimekuja kupumzika, Baba." Basi.

Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja changu. Kingine kilikuwa chake, na sasa meza ya reli inakijaza toka ukuta hadi ukuta, hata mlango haufunguki wote. Amechungulia. "Imekuwa kubwa," akasema.

Nimempa kitanda changu, amekataa. Binti mkubwa halali kitanda cha babake, na mimi najua hivyo. Atalala kwenye kochi. Nimemwambia nitamtolea nafasi nikimaliza kitanzi. Amesema hakuna haraka.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wameuliza. Nimesema amekuja kunisalimia.

Kochi ni fupi. Asubuhi nimemkuta ameketi wima, mto mgongoni, macho mekundu. Amenipikia uji wa wimbi. Mzuri kuliko wangu.

Baada ya chakula nimeingia kwenye reli nikafunga mlango. Nimekasirika. Nilidhani sijui nimemkasirikia nani. Najua. Nimekasirika kwa sababu amekuja.

Jumatano, 12 Machi

Imekubali!

Viungo vya plastiki viko. Kitanzi kina waya zake, njia kuu ina zake, na swichi moja ya kugeuza. Treni ikiwa ndani ya kitanzi nageuza swichi, njia kuu inabadilisha chanya na hasi nyuma yake, nayo treni inatoka kule bila kujua kitu. Imezunguka, ikarudi, ikaelekea ilikotoka. Haikusita mahali popote. Nimeirudia mpaka injini ikapata moto.

Nimemwita Wanja aone. Alisimama mlangoni kwa upande kwa sababu tumbo halipiti. Akatazama treni ikizunguka. "Inarudi yenyewe," akasema. Ndiyo, inarudi yenyewe. Akaenda kulala kwenye kochi, mchana kweupe.

Sasa kitanzi kimeisha. Nilisema nikimaliza kitanzi.

Leo nimeanza kujenga daraja.

Ijumaa, 14 Machi

Mutwiri amenipigia simu. Kwa heshima sana. Ameuliza afya yangu, mvua, kahawa ya majirani. Kisha akasema wamekosana kidogo na Wanja, mambo ya nyumba, na atakuja Jumapili na wazee wake kumchukua.

Nimemwambia Wanja aongee na bwana yake. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Ameleta mwanamke mwingine, Baba. Amemweka kwa plot yetu, nyumba ya pili. Ananiambia nitazoea."

Nimesimama pale. Nilitaka kusema kitu cha baba. Nikasema, "Pole." Nikaenda kulehemu. Solda yote imeshika vibaya, mabonge mabonge ya kijivu. Nimeichomoa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema.

Leo asubuhi nimefikiria kwamba akirudi Laare, meza inabaki. Nimelifikiria kwa utulivu, kama mtu anayepima mbao. Kwamba wanawake wengi wamezoea. Kwamba Mutwiri si mlevi. Kwamba mtoto anahitaji babake. Zote sababu nzuri. Nikiziangalia vizuri, chini ya kila moja kuna ile meza.

Wanja amefua mashuka yangu bila kuambiwa. Ameinama na lile tumbo kwenye karai.

Sijaishiwa aibu, angalau.

Jumapili, 16 Machi

Wamekuja baada ya kanisa. Mutwiri, baba yake mdogo, na mzee mwingine ambaye hakusema neno. Gari lao la Probox nje, majirani wote wa mtaa wetu wa Dallas madirishani.

Baba mdogo ndiye aliyesema. Mtu mpole. Sauti ya kanisa.

"Mkwe wetu, tumekuja kuchukua mtu wetu. Nyumba yake iko vile aliiacha. Hayo mengine ni ya kuongea polepole, sisi wazee."

Mutwiri alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na maneno tayari. Nimeyatafuta sasa niandike na sijui yalikuwa yapi. Naogopa yalikuwa ya kukubali.

Kisha baba mdogo akaangalia sebule. Blanketi limekunjwa kwenye mkono wa kochi. Begi la Wanja chini ya meza ya chai. Mlango wa chumba uko nusu wazi, reli zinang'aa ndani. Akatabasamu, bila ubaya.

"Na hata hapa naona mama yetu analala kwa kiti. Chumba kimepewa treni."

Mutwiri akacheka kidogo. Wanja alikuwa anatoka jikoni na thamosi. Alisimama. Hakunitazama. Laiti angenitazama.

"Ana chumba," nikasema.

"Kipi, mkwe wetu?"

"Hicho."

Nikasema lingine: kwamba Wanja hatoki hapa mpaka aseme yeye mwenyewe anataka kutoka.

Wanja akaweka thamosi mezani. "Sirudi," akasema. "Kunyweni chai."

Wakanywa. Sijawahi kuona watu wanakunywa chai ya moto haraka vile.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeikata.

Kwanza nilidhani nitaitoa nzima. Haipiti mlangoni. Niliijengea humo humo kama mpumbavu, sikuwahi kufikiria itatoka. Kwa hivyo msumeno. Msumeno wa chuma kwa reli, wa mbao kwa meza. Nimeanza na kitanzi ili nisipate muda wa kukihurumia.

Wanja alikuja na tepu ya karatasi na kalamu. Alifunga kila waya kibandiko kabla sijaukata, akaandika ulikotoka na unakoenda. Mwandiko wa mamake. Nilimwambia akapumzike. Akasema, "Baba, si lazima ukate." Nikamwambia ashike hapo, ubao usipasuke.

Tukiwa katikati, vumbi la mbao kwenye nywele zake, ameniuliza.

"Ulitaka nirudi?"

Ningeweza kusema hapana. Msumeno ulikuwa na kelele, ningeweza kusema sikusikia.

"Jumamosi," nikasema. "Siku hiyo moja. Nilitaka."

"Kwa sababu ya hii?"

"Kwa sababu ya hii."

Aliendelea kushika ubao. Mikono yake haikutoka. Kisha akasema, "Sasa kata."

Imeniuma. Sitaandika kwamba haikuniuma. Reli inapokatwa inalia sauti nyembamba, unaisikia kwenye meno.

Alhamisi, 20 Machi

Kitanda kimekuja. Seremala na mtoto wake wa kiume wamekiunga ndani ya chumba. Chumba ni kikubwa, nilikuwa nimesahau. Ukutani kuna mstari mweusi pale meza ilipokuwa inagusa.

Vipande vya reli viko chini ya kitanda changu, nyuma ya mlango wangu, juu ya kabati. Kimoja jikoni, kando ya debe la unga.

Wanja amelala tangu saa saba mchana. Nimepita mlangoni polepole mara nyingi. Anakoroma kama mamake.

Sijui nifanye nini na mikono yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki, zimetandazwa nyumba nzima.

Leo Wanja ameleta futi ya kushonea, akapanda kwenye stuli kabla sijamzuia, akapima ukuta wa sebule juu ya kochi. Nilimshusha kwa ukali. Akasema hapo pangetosha ubao mwembamba, kama rafu, kutoka mlango wa jikoni hadi dirishani. Treni inakwenda na kurudi.

Nikamwambia hiyo si reli ya maana. Hakuna kitanzi. Injini inatangulia ikienda na inasukuma ikirudi, kama toroli.

"Basi iwe toroli," akasema.

Nimekuwa na hasira hadi saa kumi. Kisha nimetoa kipande kilichokuwa jikoni, nikakipima.

Jumanne, 22 Aprili

Rafu iko ukutani. Reli imelala vizuri. Waya ni chache, mbili tu kutoka transfoma, na nyingine kila hatua ili stima isififie mwishoni. Nimezificha nyuma ya ubao.

Sitaki Wanja karibu nikilehemu, moshi wa solda si mzuri kwa mtoto. Kwa hivyo anakaa barazani ananichunia waya plastiki ya juu. Anatumia meno. Nimemkataza, hasikii. Kupitia dirishani ananiuliza maswali. Mbona waya wa hapa ni mnene. Mbona reli zina pengo dogo kwenye viungo. Nimemweleza chuma kikipata joto kinapanuka. Sijaongea hivi tangu nistaafu.

Amesema Mutwiri ametuma ujumbe. Hakuniambia unasema nini, na mimi sikuuliza.

Alhamisi, 15 Mei

Msichana. Amezaliwa alfajiri. Wote wazima. Mungu ni mwema.

Nilikaa nje ya wodi kwenye benchi, mikono mifukoni, nikikunja na kunyoosha kipande cha waya mpaka kikakatika.

Mutwiri amefika jioni kutoka Laare na nguo zina tope. Amempakata mtoto, akalia mbele ya manesi. Nilitaka kumchukia. Imekuwa kazi. Wanja amemwambia anaweza kuja kumwona mtoto wakati wowote, na kwamba yeye atakaa Embu. Aliyasema kwa sauti ya chini, hakuyarudia. Mutwiri akaitikia kwa kichwa. Yule mwanamke mwingine bado yuko kwa plot. Wazee watakaa tena. Sijui itaishaje.

Kwa kina Mutwiri, ni watu wa mume hutoa jina. Wanja hakungoja. Ni Kendi.

Jumapili, 18 Mei

Tumerudi nyumbani nao. Akina mama wa kanisa wamejaa sebuleni, mmoja ametundika nepi kwenye rafu yangu. Nimenyamaza.

Nimempakata Kendi kwa mara ya kwanza. Mwepesi. Ananukia maziwa na sabuni. Nilikuwa nimesahau jinsi wanavyoshika kidole.

Jumatano, 11 Juni

Baridi imeanza. Ukungu hadi saa tano.

Nimebandika mataruma machache yaliyong'oka upande wa dirisha. Kazi ndogo. Kisha nimewasha, nijaribu. Injini imetoka mlango wa jikoni na mabehewa yake, ikifanya ile kelele yake kama cherehani, ikafika katikati ya ukuta.

"Baba," Wanja ameita kutoka chumbani, kwa kunong'ona. "Ndio kwanza amelala."

Nikazima stima. Treni ikasimama juu ya kochi.

Nimesikiliza. Kimya. Mtu aligeuka kitandani, basi.

Nikavua viatu nikapanda kwenye kochi, nikaisukuma kwa kidole, polepole, kiungo kwa kiungo, mpaka dirishani.