Mwalimu Aliyekuja Kukamua

Kwako Chebet, mwalimu wa Kilatini huko Nairobi,

Sisi hapa Kapsoya tuko salama. Nyanya yako anakusalimu. Goti limepoa, kelele ziko pale pale.

Umeniuliza kama uache kazi, maana wanafunzi wanakucheka eti unawafundisha lugha ya wafu. Hapo umeuliza bingwa! Shule niliacha darasa la tano, lakini kujibu Misa kwa Kilatini, hakuna kijana wa Ainabkoi aliyenifikia. Nilikuwa natiririka kama redio. Siku moja katekista wetu akaniuliza, "Sasa hayo unayosema, maana yake nini?" Nikayarudia yale yale. Wenzangu wakacheka, nikaapa sirudi.

Asubuhi yake akanifuata zizini kwetu. "Nifundishe kukamua," akasema, "nami nikufundishe maana."

Alikuwa mtu wa mjini, hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Akapigwa teke, maziwa yote yakaishia kwenye suruali. Nilimcheka mpaka nikaketi chini.

"Ukimaliza kucheka, nionyeshe tena," akasema huku akijipangusa. "Na haya maziwa yanaitwa lac."

Alikuja siku nne mfululizo, na kila siku nilimcheka. Ya tano nikaenda kanisani mwenyewe, nikamdai maana ya kila neno.

Kwa hivyo Jumatatu ingia darasani. Waambie hao watoto wakufundishe kitu wanachokijua wao, hata kama ni kucheza densi. Ukikosea, waache wacheke mpaka wachoke. Wewe usitoke.

Ni mimi babu yako,
Kiprono