Kioo cha Pua ya Ndege

Mpendwa Baba,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote nimejikuta nikikupa habari za mvua. Acha leo niende moja kwa moja. Ile ndege yako iko hapa kwangu Jamhuri, juu ya kabati la vyombo, imelalia tumbo kwa sababu haina magurudumu. Nimeshindwa kuimaliza na nataka kukwambia kwa nini.

Unakumbuka siku ulipoinunua? Ulikuwa umetoka kwa daktari mjini, amekwambia presha ya macho imeshamaliza jicho la kushoto na la kulia halina muda mrefu. Mtu mwingine angeenda nyumbani akajifunika blanketi. Wewe ulipitia dukani ukanunua boksi la ndege ya mabomu ya plastiki, ile ya kuunganisha mwenyewe, ukaja nayo hadi saluni kwangu Kenyatta Market na kuiweka kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekuja kusukwa. Wasichana wangu walicheka. "Mzee, hiyo ni ya mjukuu?" "Ni yangu," ukawajibu, na hukucheka.

Nilijua ni kwa ajili ya babu, baba yako. Babu alipelekwa Bama, kule Asia, wakati wa vita vya Wazungu, akarudi na kisa kimoja tu alichokubali kukisimulia: ndege ya injini nne iliyowapita chini chini asubuhi moja wakiwa wamelala matopeni, na jinsi mtu aliyekaa ndani ya kioo cha mbele alivyowapungia mkono. Alikusimulia kisa hicho mpaka alipofariki. Na kwa kuwa mimi ndimi binti yako wa kwanza, nikapewa jina la mama yako kama ilivyo desturi yetu, hukuacha kunitania: "Maitu, mume wako alipungiwa mkono na watu wa ndege." Uliniita Maitu, yaani mama yangu, tangu nikiwa kwenye nepi. Hata ukinigombeza ulinigombeza kwa adabu.

Ulitaka kuimaliza kabla jicho la kulia halijazima. Ndiyo maana nikawa nakuja kwenu Satellite kila Jumapili baada ya kanisa, saa nane, Mama akishaondoa sahani. Ulikuwa umechora ramani za majengo ya serikali tangu ujana wako, na pale mezani ulikuwa mkali kama bado uko ofisini. Gazeti litandikwe. Mikono ioshwe. Kipande kisikatwe kwenye fremu yake kabla namba haijasomwa mara mbili, na kila hatua kwenye karatasi ya maelezo ipigwe tiki kwa penseli nyekundu. Mimi nilileta vya saluni: kibano cha nyusi cha kushikia vipande vidogo, faili ya kucha ya kusugulia kingo, blodraya ya kukaushia rangi. "Hii faili yako inashinda msasa," ulisema siku moja, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Tulipaka rangi ya kijani ndani kote, viti, sakafu, hata migongo ya viti. Nilikuuliza nani ataona, maana pande mbili zikishagundishwa hakuna kitu kitaonekana tena.

"Wale wanakaa huko ndani wataona," ukasema. "Paka, Maitu."

Nikapaka.

Kisha mkono wako ukaanza kukosea. Uliweka gundi hewani, pembeni ya bawa, na ukaniuliza kama imeshika. Ukaniachia brashi, ukabaki kukagua kwa vidole huku nikikusomea maelezo kwa sauti. Hukulalamika hata mara moja. Ila kuna Jumapili uliyoniuliza kama taa imewashwa, na ilikuwa imewashwa, nikasingizia chai inachemka nikaenda jikoni kulia.

Sasa nakuja kwenye kioo. Kilikuwa kipande cha mwisho kabla ya magurudumu, pua yote ya ndege, kimefungwa peke yake ndani ya karatasi laini. Mama alikuwa amekupeleka chumbani kukutia dawa ya macho. Tone la rangi likaniponyoka, likaangukia katikati ya kioo. Sikufikiria, Baba. Mkono wangu ulifanya kile unachofanya saluni kutwa nzima: pamba, asetoni, futa. Kwenye ukucha, asetoni inaondoa rangi na kuuacha ukucha. Kwenye plastiki inaondoa rangi na kuila plastiki yenyewe. Kioo kikawa cheupe kama maji ya mchele, kikafanya makunyanzi na kunata vidoleni. Nikakipuliza kama mjinga. Nikasikia mnarudi, nikakibandika vivyo hivyo.

"Kimetoka aje, Maitu?"

"Kimetoka poa, Baba. Kinang'aa."

Ulinyoosha mkono, nikakupa ndege. Ukapitisha kidole gumba kwenye pua, polepole, halafu ukarudia. "Asante," ukasema. "Sasa huyu wa mbele ataona watu wa kupungia."

Baada ya hapo sikuweza kukaa kwenye ile meza. Jumapili iliyofuata nilikwambia nina bibi harusi. Iliyofuata nikapata bibi harusi mwingine, na wewe na Mama mnajua vizuri kwamba harusi zetu ni za Jumamosi. Uongo ulipoisha nikaanza kufungua saluni Jumapili, kweli kabisa, ili niwe na sababu. Simu yangu ililia mara moja ikakatika, ile namna yako ya kuniomba nikupigie. Nilikupigia. Tuliongea habari za kanisa na za mgongo wa Mama, nikasema nitakuja wiki ijayo. Niliogopa utaniuliza tena juu ya kioo mbele ya mtu mwenye macho. Miezi mitano, Baba. Nyumba yenu si mbali. Ningeweza kuja hata kwa miguu.

Ulianguka bafuni Jumanne asubuhi, na nilipofika ulikuwa umeshaenda.

Tulipotoka kukuzika nilimwona Mama akiipangusa ile ndege kwa kitambaa, nikashindwa kujizuia, nikamwambia nilichofanya. Hakushangaa.

"Alijua siku hiyo hiyo," akasema. "Ulitoka tu hivi, akaniambia kioo inakwaruza, huyu mtoto ameiharibu na anaona haya. Akanikataza kukwambia. Akasema ukijua anajua utaumia."

"Na magurudumu?"

"Nilimwambia wacha nimgundishie mimi. Akakataa. Akasema tukungojee, utakuja."

Nimekukasirikia, Baba, acha niseme. Ungenigombeza pale pale ningelia dakika kumi, ungenitania kuhusu mume wangu wa Bama, na Jumapili iliyofuata ningekuja. Kwa nini ulininyamazia? Halafu najiuliza mimi nina mdomo gani wa kuuliza, mimi niliyekuangalia usoni huku huoni nikakudanganya. Hasira yote inanirudia. Nisamehe. Nilidhani naficha kioo, kumbe nilikuwa nakunyima mtoto wako.

Mama alinipa ndege niende nayo, na yale magurudumu nimeyashika mara nyingi. Gundi ninayo, karatasi ya maelezo ninayo, na ni kazi ya nusu saa. Lakini nikiyaweka itakuwa tumemaliza, na sitaki tumalize bila wewe kuwepo.

Siku hizi saluni haifunguliwi Jumapili. Wateja wananuna, wasichana wananiuliza kama nimeokoka upya, nami nawaambia ndiyo. Ikifika saa nane nakuwa nimeshanawa mikono, nimevaa viatu, nimekaa kwenye kiti karibu na mlango, na sina pa kwenda.

Nakuacha hapa, Baba. Leo ni Jumamosi, na kesho ndiyo siku yetu.

Binti yako wa kwanza,
Maitu wako