Piano Iliyomungoja Furaha

Muzee Paluku,

Furaha yako ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwa umeshanikata maneno: "Kavira, fika!" Basi nimefika. Mutoto wako ameolewa vizuri, na aliingia ukumbini kwa muziki.

Orkestre yetu ingali hai. Baterie yako, ngoma zote na sahani zake, hatukuiona tena tangu tukimbie vita kule Sake. Tuliporudi, hata mulango wa nyumba ulikuwa umekwenda. Zamani ngoma zako peke yake zilihitaji chukudu nzima, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na wewe nyuma unamugombeza mwenye chukudu kila anapopita kwenye mawe. Siku hizi nafunga piano yangu ya umeme ndani ya kitenge, naipakata kwenye pikipiki, tunashuka mutaa wa Himbi, na orkestre karibu yote iko mapajani mwangu. Ni ile ile ya bei ndogo, noti moja ya juu bado ni bubu. Nikishika akodi, noti tatu kwa pamoja, kwa mukono wa kushoto, inapiga ngoma na besi yenyewe. Watu wanacheza. Ninafurahi, nisikudanganye.

Lakini ulikuwa na neno lako: "Hiyo mashini haina macho." Wewe ulikaa nyuma ya baterie ukitazama miguu ya watu. Bibi arusi akikanyaga gauni, ulivuta pigo. Mama mukwe akisimama kupangusa machozi, ulimungoja. Piano haingoji. Ukiiwasha inakwenda, anayeweza afuate.

Na unajua muguu wa Furaha. Tangu ile bombe iliyoanguka kambini Mugunga, goti halikunji sawasawa. Anatembea, ndiyo, lakini kwa saa yake mwenyewe. Juma la arusi alikuja kwangu, akakaa kitandani, akaniambia, "Tantine, nitaingia kwa mulango wa nyuma, bila muziki. Sitaki watu waone ninavyoachwa na ngoma." Muzee, niliumia! Nilikukasirikia pia, wewe na sukari yako, wewe na soda zako za kujificha, ukajifia ukaniachia kazi ya macho yako.

Unakumbuka ule ubatizo wa kule Katindo, muziki ulipokatika katikati ya wimbo? Nilikuwa nimegusa kitufe bila kujua, kile kinachofanya ngoma ipige tu wakati mukono wa kushoto umeshika. Ukiinua, kimya; ukishika tena, inaanza upya. Kila nilipobadilisha akodi, kimya. Ulicheka mpaka ukaangusha fimbo. "Piano ya Kavira inasinzia!" Ukaniita Mama Usingizi mbele ya padri, na jina likashika. Tangu siku hiyo sikukisogelea tena kile kitufe.

Siku ya arusi nilikiwasha makusudi.

Nilimuambia Furaha asisikilize ngoma, atembee tu. Hakuniamini, nilimuona usoni. Mulango mukubwa ukafunguliwa. Nikaacha kutazama vidole vyangu, nikatazama kiatu chake. Akakanyaga, nikashika: ngoma. Akavuta muguu, nikainua: kimya. Akakanyaga, nikashika. Hatua za kwanza alikaza macho chini, anangoja kuachwa. Haikumuacha. Na ule ukimya, muzee, wamama waliujaza vigelegele, wakadhani ndivyo tulivyopanga!

Katikati ya ukumbi akasimama. Ee Mungu wangu, nikajua goti limekataa. Kumbe! Alikuwa ameinua muguu, ule ule mubovu, ameuacha hewani, ananitazama kwa kile kicheko chako cha upande. Alikuwa ameshagundua. Ukumbi muzima unangoja. Mimi nangoja. Mupiga gitaa wetu anangoja, jasho linamutoka. Alipojisikia, akakanyaga: bum! Watu wakapiga kelele. Kuanzia pale yeye ndiye aliyepiga baterie, mimi nilikuwa mukono tu. Bibi yako, mama yake Furaha, alilia huku anacheka, akavua kitenge chake cha juu akakitandika mbele ya mutoto, na Furaha akakipita taratibu kama mutu mwenye siku nzima.

Mutoto huyu amekimbizwa tangu akinyonya. Sake, Mugunga, kurudi Sake, Mugunga tena. Siku ile hakuna kitu kilichomukimbiza. Hata muziki ulimungoja.

Sipendi kukupa haki, unajua, maana ulikuwa unavimba. Lakini ulisema kweli: mashini haina macho. Nitaipa yangu. Nakuahidi, kila arusi, kila ubatizo, nitatazama miguu kwanza. Na Furaha akituletea mujukuu, nitapiga kile kitufe kikiwa kimewashwa, hata huyo mutoto akichukua muchana kutwa kujifunza hatua moja.

Kwaheri, muzee wangu. Pumzika pole pole. Huko hakuna wa kukukimbiza.

Ni mimi,
Mama Usingizi