Mwelu Maweu, Mpiga Picha wa Yangeyange

Mwelu, mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, na leo hapa nyumbani tunabishana juu ya uso wako.

"Mama Mwelu, hii picha ni giza tupu," anasema shangazi yako Syombua. "Watu watadhani hatukuwa na nyingine."

"Waache wadhani."

"Si uitazame kwanza hii ya studio? Wamemng'arisha vizuri. Anapendeza."

"Nani anapendeza? Mimi huyo simjui."

Baba yako ameketi katikati yetu na picha zote mbili mkononi. Kama kawaida yake, anangoja mmoja wetu achoke.

Picha yenyewe ulijipiga mwenyewe kule Msambweni, umesimama mbele ya mikoko na gauni jeupe la kwaya, lile nililokushonea. Shangazi yako aliipeleka studio Ukunda itengenezwe kwa ajili ya tangazo hili la kukukumbuka gazetini. Imerudi uso wako una rangi ya chai ya maziwa, na gauni limekuwa doa jeupe. Marinda niliyoyapiga pasi asubuhi nzima hayaonekani hata moja.

Huo ndio ubaya uliopigana nao tangu ulipoanza kuwatembeza wageni wa hoteli za Diani kutazama ndege. Picha yako ya kwanza ya yangeyange, yule ndege mweupe wa mikokoni, uliniletea ukiwa na furaha. Nilikuambia ninachokiona: tambara limeanikwa juu ya mkoko, ndege yuko wapi? Rafiki yako Fauzia, mkulima wa mwani aliyekuja nawe kutoka Kibuyuni, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama kasema kweli, shoga yangu. Hata mwani wangu una umbo kumshinda huyu." Ulikula chakula chako, ukaenda kulala.

Lakini ulirudi Msambweni. Ukarudi tena. Siku moja ukaingia jikoni nikikata mboga, ukanieleza bila kuulizwa. Kamera ikiona mikoko mingi myeusi hudhani kuna giza, basi huongeza mwanga, na manyoya meupe yanaungua, yakabaki weupe mtupu. Wewe uliupunguza ule mwanga mpaka kila unyoya ukaonekana, na mikoko ukaiacha izame gizani. "Palipo giza naweza kupavuta kidogo kwenye mwanga baadaye, Mama. Palipoungua hapana kitu cha kuvuta." Kisha ukanionyesha yangeyange mwingine. Shingoni mwake manyoya yalikuwa yamelala moja juu ya jingine, kama nguo iliyokunjwa na mtu mwenye subira. Nikakuambia sasa huyu ni ndege. Uliyashika maneno hayo kuliko cheti chochote.

Ulikuwa mtu wa alfajiri, kwa sababu jua kali juu ya kitu cheupe ulilichukia. Mpaka Vanga walikufahamu. Kamera haikutoka mkobani kabla hujawaamkia wazee shikamoo, na kila mwenye mashua aliyekubeba ulimrudishia picha yake, imeoshwa na kuwekwa fremu. Kupika wali hukujua, na hilo tuliseme. Ulipolazwa hospitalini nilikuletea uji, ukaulizia kamera.

Kwa hiyo leo nimemuuliza shangazi yako, "Marinda yako wapi?"

Ameshika ya studio, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaitazama na yako.

"Hapa hayapo," amesema.

"Na ngozi ya mtoto wa kaka yako?"

Amezirudisha picha zote mbili kwa kaka yake. Baba yako ndiye aliyesema. "Alijipima mwanga mwenyewe. Tumwachie."

Ya studio nimeichana na kuitia jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe. Kisha nimechukua simu na kuituma gazetini ile uliyojipiga mwenyewe, shangazi yako akiwa bado anatafuta miwani yake. Ndiyo iliyo juu ya maneno haya. Hicho cheusi kilicho nyuma yako ni mikoko. Anayetaka kukuona vizuri, asogeze gazeti kwenye mwanga.

Unakumbukwa na baba yako Maweu, mama yako Winrose, kaka yako Muange, shangazi yako Syombua, na Fauzia wa Kibuyuni ambaye kwetu ni mtoto.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, wala hatutakung'arisha.